Jicho la Mtoto Mchanga na Upataji wa Lugha

Mtoto azaliwaye Matasia, kati ya Ngong na Kiserian katika Kajiado, huweza kukutana na Kimaasai, Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza kabla hajaota jino la kwanza. Kuna wazazi wanaohofia kwamba wingi huo utamchanganya. Hivyo huiacha lugha mojawapo, na aghalabu iachwayo ni ile ya nyanya. Hofu hiyo yafaa ipimwe kwa yale yanayojulikana kuhusu namna mtoto anavyotazama.

Mtoto mchanga huona vyema vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, yaani kutoka titi hadi uso wa mama. Uso, basi, ndio somo lake la awali. Mwaka 2007 Whitney Weikum na wenzake, nchini Kanada, walieleza jinsi watoto wa miezi 4 na 6 walivyooneshwa filamu za watu wakisema Kiingereza na Kifaransa, sauti ikiwa imeondolewa. Lugha ilipobadilishwa, watoto walitambua kwa macho tu. Kufikia miezi 8, waliolelewa kwa Kiingereza pekee hawakuitambua tena tofauti hiyo. Waliolelewa kwa lugha zote mbili waliitambua bado. Hapo hapaonekani mchanganyiko wowote, bali jicho lililonolewa zaidi.

Hata hivyo jicho lina mpaka. Kiswahili kina irabu 5, Kikuyu 7, Kimaasai 9. Na baadhi ya irabu za Kimaasai hutofautishwa na shina la ulimi, ambalo halionekani. Hizo sharti zisikiwe, tena mapema: utafiti wa Patricia Kuhl na wenzake wa mwaka 1992 ulionesha kuwa watoto wa miezi 6 wa Marekani na Uswidi walikwisha kuzipokea irabu kwa mujibu wa lugha za kwao.

Je, redio au televisheni yaweza kushika nafasi ya nyanya? Mwaka 2003 Kuhl na wenzake walieleza habari za watoto wa Marekani wa miezi 9 waliokutana na wasemaji wa Kichina katika vikao 12. Waliokaa na watu walijifunza sauti za lugha hiyo. Waliotazama au kusikiliza kanda za wasemaji hao hao hawakujifunza. Nyanya humwona mjukuu akimkodolea macho ng'ombe apitaye, naye papo hapo hutamka *enkiteng*. Televisheni haimwoni mtoto anatazama wapi.