Kiti, mkeka na mapaja yanayotetemeka

Jimu unaiogopa, na mgongo nao unauma kwa kukaa kwenye kompyuta kutwa. Basi leo usitoke hapo kwa bedsita yako. Vuta kiti kizito kisichoteleza, tandika mkeka au leso mbili, kisha vua soksi.

Anza na barre. Aliyeyabuni mazoezi haya ni Lotte Berk, mcheza densi aliyeumia mgongo, akafungua studio London mwaka wa 1959. Shika egemeo la kiti kwa vidole tu, usilining'inie. Unganisha visigino, viinue, kunja magoti kiasi, halafu shuka na upande kidogo tu, kama urefu wa kidole gumba. Mara 20. Mwanzoni utacheka: eti haya nayo ni mazoezi? Ukifika 12, mapaja yatatetemeka kama matatu kuukuu kwenye matuta. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Lakini goti likichoma, wacha hapo hapo. Kama mgongo wako ulishawahi kuumia, muone daktari kwanza.

Sasa lala chali ujaribu ile "mia" ya Joseph Pilates. Kunja magoti, nyayo zikae chini kwa kuwa wewe ni mgeni. Inua kichwa kidogo, pigapiga mikono hewani kando ya mwili: vuta pumzi kwa hesabu 5, itoe kwa hesabu 5, mara 10. Shingo ikichoka, laza kichwa uendelee. Mimi siku ya kwanza niliishia 40, nikahema hadi jirani akagonga mlango kuuliza kama niko sawa.