Umri wa Sarafu si Bei Yake

Ukiulizia sarafu katika duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, Zanzibar, huenda ya kwanza kuwekwa mkononi mwako ikawa reale kubwa ya fedha. Upande mmoja pana mwanamke mnono aliyejifunika shela, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili, na pembezoni mwaka 1780. Asiyezijua sarafu hupiga hesabu ya haraka, akaona ameshika kitu kinachokaribia karne mbili na nusu, na bei yoyote atakayotajiwa ikamwingia akilini.

Mwanamke huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliyefariki mwaka huohuo wa 1780. Reale yake iliaminika sana Uhabeshi, Arabuni na kwenye pwani zote kuanzia Bahari ya Shamu hadi kwetu, na watu walipoizoea hawakutaka ibadilishwe. Kwa hiyo viwanda vikaendelea kuifua vikiacha mwaka uleule: Vienna, na katika karne ya 20 pia Rome, London, Paris, Brussels na Bombay. Vienna wanaifua hata leo. Ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na ndani yake mna fedha safi kama gramu 23. Bei ya haki ya nyingi kati ya zilizoko madukani ni bei ya fedha ya siku hiyo pamoja na faida ndogo ya muuzaji, basi. Zipo za zamani za kweli, lakini kuzitofautisha na hizi ni kazi ya aliyebobea, anayejua kusoma lulu za bruchi na manyoya ya tai.

Bei ya sarafu hutokana na mambo matatu: zimebaki ngapi, wanaozitaka ni wangapi, na hiyo uliyoshika iko katika hali gani. Umri unaweza kuchangia hilo la kwanza, lakini peke yake haununui kitu.

Mfano mzuri uko Tabora. Katika Vita Kuu ya Kwanza manowari za Waingereza zilizuia meli kufika pwani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, na fedha za kulipia askari na wapagazi zikaadimika. Mwaka 1916 Wajerumani wakafua sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli Tabora, zenye herufi ndogo T. Walitoa rupia 15 za dhahabu, zenye tembo mbele ya Mlima Kilimanjaro, kama 16,000 tu. Walitoa pia heller 20 za shaba, zaidi ya milioni moja. Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji. Mwaka ni mmoja, karakana ni moja, na historia ni ileile. Lakini ya dhahabu inapiganiwa kwenye minada ya Ulaya, na ya shaba anayeanza anaweza kuimudu. Mimi ningemshauri aanze na hiyo ya shaba. Michoro na herufi zake si nadhifu, na mara nyingine chapa imekolea upande mmoja na kufifia mwingine. Wengi huiona wakadhani ni ya bandia, kumbe ubaya huo ndio ushahidi wa mafundi wa reli waliokuwa wakifanya kazi wasiyoizoea kwa mashine zisizo zake. Inayoigwa sana ni ile ya dhahabu, na mwigaji wa leo ana mashine nzuri kuliko walizokuwa nazo wao. Asiyejua asiiguse bila hati ya mtaalamu.

Baada ya Tabora, sarafu za kujifunzia ni zile za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zilizotumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye Zanzibar. Shilingi yenye simba na milima nyuma yake ilianza 1921. Wauzaji wengi huziita zote "za fedha". Ukweli ni kwamba hadi 1946 zilikuwa na fedha robo tu, na kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma mwaka.

Katika kundi hilo kuna moja ninayoipenda kuliko zote: senti 10 ya 1936 yenye tundu katikati. Itazame karibu. Juu pana taji, na jina lililoandikwa ni la mfalme Edward VIII, aliyekalia kiti tangu Januari hadi Desemba mwaka huo, akakiacha. Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia katika matumizi ya kawaida. Za kwetu ziliwahi kufuliwa kwa sababu ya lile tundu: hapakuwa na nafasi ya kichwa cha mfalme, jina tu lilitosha. Tafuta pia herufi H au KN, alama za viwanda viwili vya Birmingham. Zilifuliwa kwa mamilioni, kwa hiyo bado ni rahisi, na kwa bei ya rahisi hivyo mtu anaweza kuchagua iliyo safi kabisa badala ya kukubali iliyosagika.

Kuchagua hali nzuri ndiko kunakomtenga mkusanyaji na mtu anayelimbikiza vyuma. Sarafu huanza kulika kwenye sehemu zilizoinuka. Kwa rupia ya Wajerumani ya 1890, tazama tai aliye juu ya kofia ya Kaisari. Kwa shilingi, nywele za shingo ya simba. Maeneo hayo yakiwa bapa, sarafu imetembea sana, hata kama maandishi yote yanasomeka. Chukua moja nzuri badala ya tano zilizochoka. Ni vigumu kulifuata shauri hili mwanzoni, lakini hizo tano hutampata wa kumuuzia.

Na usiisafishe. Nalisisitiza hili kwa sababu mkono wetu umezoea kusugua shaba kwa ndimu na majivu mpaka ing'ae, na kwa sinia ni sawa. Chapa inapoigonga sarafu, chuma hutiririka kuelekea pembeni na kuacha mistari myembamba ajabu, na hiyo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke ukiigeuzageuza. Msuguo mmoja unaifuta, na hakuna fundi wa kuirudisha. Rangi ya kahawia iliyojitandaza juu ya shaba kwa miaka ni ngozi inayoilinda. Sarafu iliyosafishwa utaijua: inang'aa kila mahali kwa kiasi kilekile, ina mikwaruzo inayoelekea upande mmoja, na uchafu umebaki umejificha kuzunguka herufi.

Pwani kuna jambo jingine la kuangalia. Reale na rupia zilivaliwa kwenye vidani, zikatobolewa au kutiwa kikulabu. Baadaye tundu huzibwa kwa risasi au fedha na kupigwa msasa. Zungusha ukingo taratibu, hasa juu ya kichwa, utafute doa lenye rangi tofauti au meno yaliyokatika. Sina ubaya na sarafu iliyovaliwa na bibi harusi wa zamani, naiona nzuri. Ila iuzwe kama kidani, kwa bei ya kidani.

Kuhusu za bandia, mizani ya sonara inatosha kuanzia. Rupia nzima ni gramu 11.66, ikipungua nusu gramu bila kuwa imelika, iache. Fedha na shaba hazishikwi na sumaku. Iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huwa na mstari wa kiungo ubavuni na vitundu vidogo kama vya mchanga usoni. Muuzaji anayekukataza kupima umepata jibu lake. Na kwa pesa za shaba za Sultan Barghash, zenye picha ya mizani, jifunze tarakimu za Kiarabu: 1299 na 1304 zilizoandikwa pale ni miaka ya Hijria, sawa na 1882 na 1887.

Kuna sarafu moja ya kutonunua kabisa, nayo ni iliyotoka ardhini Kilwa, Songo Mnara, Pemba au Lamu. Sheria haziruhusu mtu kuchimbua vitu vya kale bila leseni, lakini sababu yangu ni nyingine. Sarafu za masultani wa kale wa pwani hazina mwaka. Zina jina na maneno ya kumtukuza Mungu. Mwaka 1984 wanaakiolojia waligundua Mtambwe Mkuu, Pemba, akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa hapa. Katikati yake zilikuwemo dinari chache za dhahabu za Wafatimi, na kwa miaka iliyoandikwa kwenye hizo wataalamu wakaweza kuziweka zile za fedha kwenye karne ya 11. Angewahi mtu na jembe usiku, dinari zingeishia kwa sonara na za fedha zingetawanyika madukani, kila moja na jina la mtawala ambaye hakuna mtu angejua aliishi lini.