Kuitia Mota ya Umeme Baiskeli ya Magurudumu Matatu: Mwongozo kwa Mtumiaji wa Mlimani

Baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono ni chombo kinachofahamika katika Wilaya ya Rombo na katika Mkoa wa Kilimanjaro kwa jumla. Mwendeshaji huketi chini, miguu ikiwa imepumzishwa mbele, na huzungusha kwa mikono pedali zilizounganishwa na gurudumu kwa mnyororo. Imewawezesha watu wengi wenye ulemavu wa miguu kufika sokoni, shuleni na hospitalini bila kubebwa wala kusubiri mtu wa kuwasukuma. Hata hivyo, mwili wa binadamu hauna nguvu nyingi mikononi, na chombo hiki hustawi kwenye ardhi tambarare. Mkuu si tambarare. Barabara ya lami itokayo Himo, ikapita Marangu Mtoni na Mwika hadi Mkuu na kuendelea Tarakea, hufuata ubavu wa mlima, nayo hushuka na kupanda kila inapovuka korongo. Vijia vinavyotoka vihambani kuja kwenye barabara hiyo ni vikali zaidi, na wakati wa masika huteleza.

Ndiyo maana wapo wanaonunua seti ya mota, betri na kontrola, kisha wakaifunga wenyewe nyumbani au kwa msaada wa fundi baiskeli wa jirani. Kazi hiyo inawezekana, na haihitaji elimu kubwa ya umeme. Lakini seti nyingi zinazouzwa zimeundwa kwa baiskeli ya kawaida ya magurudumu mawili, itumikayo mjini na mtu aliye mwepesi wa kuruka chini mambo yanapoharibika. Mtumiaji wa Mkuu hana mji tambarare, na pengine hawezi kuruka. Maelezo yafuatayo yameandikwa kwa kuzingatia tofauti hiyo.

Anza na breki

Kabla ya kuuliza bei ya mota, mtumiaji anashauriwa aikague breki aliyonayo. Baiskeli nyingi za aina hii zina breki moja tu, iliyo kwenye gurudumu la mbele, tena ya mpira unaobana rimu. Breki hiyo hutosha kwa mtu anayekwenda mwendo wa kutembea. Ukiongeza mota na betri, uzito wa jumla wa chombo, mwendeshaji na mzigo wake waweza kufika kilo 150. Kwa uzito huo, kushuka kimo cha mita 300 huzalisha kwenye breki joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji ya baridi. Joto lote hilo hupitia kwenye vipande vidogo vya mpira na rimu nyembamba. Mpira ukishalainika, breki hushika kidogo kidogo hadi haishiki kabisa, na jambo hilo hutokea katikati ya mteremko, si mwanzoni.

Kwa hiyo chombo chenye mota kinahitaji breki mbili zisizotegemeana, kila moja ikiwa na wenzo na kebo yake, na angalau moja iwe ya diski au ya ngoma kwenye magurudumu ya nyuma. Fundi wa kuchomelea anaweza kuongeza mahali pa kushikizia. Inahitajika pia breki ya kuegeshea, yaani inayobaki imefungwa mkono ukiondolewa. Mtu anayehama kutoka kwenye baiskeli kwenda kwenye kiti huishikilia baiskeli hiyo kwa uzito wake wote, na kwenye mteremko ikiteleza hata kidogo huanguka. Jiwe nyuma ya tairi si breki.

Wauzaji wengine hutaja mota zinazorudisha umeme kwenye betri wakati wa kushuka, na hudai kuwa zinaondoa haja ya breki imara. Fikiri kuhusu safari ya mkazi wa juu. Usiku amechaji nyumbani. Asubuhi safari yake huanza kwa kushuka, na betri imejaa. Betri iliyojaa haiwezi kupokea umeme zaidi, hivyo msaada huo hukosekana saa ile ile anapouhitaji. Aidha, mota nyingi ndogo zenye gia ndani huzunguka bure wakati wa kushuka na hazizuii chochote.

Mwinuko wako ni wa kiasi gani?

Mtumiaji asinunue mota kabla ya kuipima njia yake. Chukua ubao ulionyooka wa urefu wa mita moja na pima maji ya fundi mwashi. Weka ncha moja ya ubao ardhini upande wa juu wa mwinuko, inua ile nyingine hadi pima maji ionyeshe usawa, kisha pima kwa futikamba nafasi iliyopo kati ya ncha hiyo na ardhi. Sentimita 8 maana yake ni mwinuko wa asilimia 8. Pima sehemu iliyo kali kuliko zote, kwa kuwa ndiyo itakayokukwamisha.

Kwa mwinuko wa asilimia 8 na uzito wa kilo 150, gurudumu linahitaji takriban wati 230 ili kwenda kilomita 6 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Ukitaka mara mbili ya mwendo huo, nguvu nayo huwa mara mbili. Mota iliyoandikwa wati 250 inaonekana kama inatosha, na hapo ndipo wengi hupotea. Mota ya katikati ya gurudumu isiyo na gia hufanya kazi vizuri inapozunguka kwa kasi iliyokusudiwa, kwa kawaida ya baiskeli inayokwenda kilomita 25 kwa saa. Ikizungushwa polepole kwenye mwinuko, sehemu kubwa ya umeme hugeuka joto ndani yake badala ya kusukuma gurudumu. Mota haizimi papo hapo. Hupata joto hadi waya zake za ndani zikaungua.

Kwa njia za mlimani, mota inayosukuma mnyororo, ikifanya kazi pamoja na gia za baiskeli, ni bora kuliko ile ya katikati ya gurudumu. Ikishindikana, chagua yenye gia ndani, na uifunge kwenye gurudumu dogo badala ya kubwa. Kumbuka pia kuwa chombo kinapopanda, uzito huhamia nyuma; mota iliyo kwenye gurudumu la mbele inaweza kuwa na nguvu ya kutosha, lakini tairi likazunguka bure kwenye udongo uliolowa. Na kama njia yako inazidi asilimia 12 na haina lami, kwa maoni yetu usiitie mota baiskeli hiyo kwa ajili ya njia hiyo. Itumie barabarani, na kipande cha kijia kiendelee kupitwa kwa msaada wa mtu.

Mwendo wa kasi hauna faida hapa. Kontrola nyingi zina mahali pa kuweka kikomo. Kilomita 12 kwa saa zinatosha. Nguvu inayoisukuma baiskeli nje kwenye kona huongezeka mara nne mwendo unapoongezeka mara mbili, na chombo cha magurudumu matatu hakiwezi kuinamia kona kama kile cha magurudumu mawili.

Betri: soma, kisha pima uzito

Betri ndiyo sehemu ghali na ndiyo yenye udanganyifu mwingi. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Kila mita 100 za kimo unazopanda na mzigo tuliotaja hutumia takriban wati-saa 60, ukihesabu na upotevu. Kwa kuwa si vyema kuimaliza betri kabisa, hiyo ya wati-saa 360 itakupandisha chini ya mita 500 kwa jumla ya siku nzima, tena ikiwa mpya. Ikumbukwe kuwa mkazi wa juu hupanda jioni, betri ikiwa imekwisha kutumika.

Lebo haitoshi kuwa ushahidi. Pakiti ya lithiamu, pamoja na ganda lake, mara chache huzidi wati-saa 200 kwa kilo moja, na zile za fosfati ya chuma, ambazo ni tulivu zaidi kwa upande wa moto, huwa chini ya hapo. Ukionyeshwa betri iliyoandikwa volti 36 na ampea-saa 20, yaani wati-saa 720, nayo ina uzito wa kilo mbili, lebo hiyo ni ya uongo. Mizani ya duka la jirani itakuamulia. Vivyo hivyo, kijiwe kimoja cha lithiamu cha ukubwa wa kawaida, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, hakifiki hata ampea-saa 4. Ukikuta kimeandikwa 9, usikinunue. Betri za asidi ni nafuu na hurekebishika, ila ni nzito, na zikizoea kumalizwa zaidi ya nusu hufa mapema.

Chaja iwe ya betri ile ile. Pakiti ya kawaida ya lithiamu ya volti 36 huchajiwa hadi volti 42. Ya fosfati ya chuma au ya asidi yenye jina hilo hilo la volti 36 ina kikomo tofauti. Kuazima chaja ya mwenzako kwa sababu plagi inaingia ni chanzo cha moto. Gharama ya umeme isikutishe: kuijaza pakiti ya wati-saa 360 hutumia takriban nusu ya uniti moja ya LUKU.

Mahali pa kuchajia ni suala la uhai. Betri ya lithiamu iliyopasuka, iliyovimba au iliyounganishwa vibaya huweza kuwaka ghafla na kutoa moshi wenye sumu. Mtu asiyeweza kukimbia asichaji karibu na kitanda, wala kwenye mlango ulio njia pekee ya kutokea. Chajia mahali pa wazi penye paa, mchana, mtu akiwapo. Epuka kabisa pakiti zilizoungwa mtaani kwa vijiwe vya kompyuta kuukuu.

Kuifunga

Ekseli ya mota ya gurudumu husukumwa kwa nguvu kinyume na mwelekeo wa gurudumu. Ikiachwa kushikwa na nati peke yake, siku moja itazunguka, itakata waya zake na gurudumu litachomoka. Seti nzuri huja na kipande cha chuma kinachoikamata ekseli na kuifunga kwenye fremu. Kama hakimo, fundi atakichonga kwa chuma kigumu. Usikubali jibu la kwamba nati ikikazwa sana inatosha.

Betri ikae chini, kati ya magurudumu ya nyuma, isiwe nyuma ya kichwa cha mwendeshaji. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kwa kiwango kilichotajwa na mtengenezaji wa kontrola. Tumia waya laini wa nyuzi nyingi, kwa kuwa waya mgumu wa nyumba hukatika kwa mtikisiko. Wenzo wa breki uwe na swichi inayokata umeme wa mota mara unapobanwa.

Pedali za mkono na mnyororo wake zisiondolewe kwa hali yoyote. Betri ikiisha Mengwe, hizo ndizo zitakazokurudisha nyumbani, polepole.

Jaribio la kwanza lifanywe gurudumu la mota likiwa limeinuliwa. La pili kwenye uwanja wa mpira. La tatu kwenye mwinuko mfupi, mtu akifuata nyuma. Baada ya kilomita chache za mwanzo kaza tena nati zote. Kwa kazi ya fremu, VETA Moshi na eneo la SIDO mjini Moshi wana mafundi wa vyuma, na chuo cha TATCOT kilichopo KCMC kimefundisha mafundi wa viti vya magurudumu kutoka nchi nyingi. Ushauri wao kuhusu namna ya kukaa ni wa thamani kwa mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo. Ikiwa baiskeli ni ya msaada, uliza aliyeitoa kabla ya kutoboa fremu. Uliza pia kwa askari wa usalama barabarani namna chombo chako kitakavyohesabiwa kikishatiwa mota.

Haki zako dukani

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia, akategemea ujuzi wake, anastahili bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo usiseme tu kuwa unataka mota ya baiskeli. Sema ni ya baiskeli ya magurudumu matatu, uzito ni kilo 150, mwinuko ni asilimia 8. Uyaandike, na muuzaji asaini. Karatasi hiyo ndiyo tofauti kati ya malalamiko na ugomvi. Dai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi inayotaja betri kwa jina, kwa maana dhamana nyingi huitaja mota na kuinyamazia betri.

Bidhaa ikionekana kuwa bandia, au maelezo yake ni ya kupotosha, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Ikiwa ni suala la ubora na usalama, Shirika la Viwango Tanzania ndilo lenye mamlaka. Anza na muuzaji kwa maandishi, mpe muda wa kujibu, na uhifadhi kifaa kilichoharibika pamoja na lebo yake. Usikifungue.