Ngome, Gereza, Boma na Kasri: Maneno Manne na Majengo Yake

Ipo tabia iliyozoeleka miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili ya kulichambua neno tukiwa tumeketi maktabani, kana kwamba neno hilo halikuwahi kuwa na ukuta, lango wala paa. Makala haya yanakusudia kueleza maneno manne ya majengo, yaani ngome, gereza, boma na kasri, kwa kuyafuata majengo yenyewe. Mwandishi anaishi Athi River, mji wa viwanda vya saruji katika Kaunti ya Machakos, na baadhi ya anayoyaeleza aliyaona katika matembezi ya siku moja pamoja na wanafunzi wenzake, kila mmoja akiwa na maji, chapati na daftari. Mengine yanahitaji safari ya kufika pwani.

Tuanze na lililo karibu. Ukishika barabara ya Kangundo na kupitia Tala, utafika chini ya mlima ambao Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, maana yake mlima mkubwa, Wakamba wakauita Kyanzavi, na kwa Kiswahili ukajulikana kama Kilimambogo. Kilele chake kina urefu wa mita 2,145. Mto Athi, ule ule unaopita kwetu, huanguka karibu na hapo katika maporomoko kumi na manne, kisha huendelea na safari yake, ukabadili jina na kuwa Galana, halafu Sabaki, hadi unapoingia baharini kaskazini ya Malindi. Jambo hili nitalirudia.

Chini ya mlima huo ipo nyumba ya mawe ya Sir William Northrup McMillan, Mmarekani mzaliwa wa St. Louis aliyekuwa mlowezi mwenye ardhi kubwa katika sehemu hizi. Theodore Roosevelt alikuwa mgeni wake katika shamba la Juja mwaka 1909. McMillan alifariki mwaka 1925 na akazikwa mlimani. Inasimuliwa kwamba alitaka kulazwa kileleni, ila gari lililobeba jeneza likashindwa na mwinuko, akazikwa njiani. Mjane wake ndiye aliyejenga maktaba ya Nairobi yenye jina la McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ambamo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma.

Wengi huiita nyumba ile kasri. Hali ni hiyo hiyo kuhusu jumba la Bwana Egerton kule Njoro, lililojengwa kati ya mwaka 1938 na 1954 likiwa na vyumba 52: nimesikia likiitwa mara kasri, mara ngome. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kusimama. Kasri ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na wataalamu wengi wanakubaliana kwamba Waarabu nao walilitoa katika Kilatini, katika neno lile lile lililozaa jina la majumba ya mawe ya wafalme wa Uingereza. Hata hivyo, Kiswahili kililipokea kwa maana maalumu, yaani makao ya mtawala. Kule Dunga, Unguja, Mwinyi Mkuu alikuwa na kasri, kwa sababu alikuwa na raia. McMillan na Egerton walikuwa na vibarua. Kuziita nyumba zao kasri ni kuwatawaza watu ambao hawakuwahi kutawazwa, na kuziita ngome ni kuwapa vita ambavyo hawakupigana. Kwa maoni yangu, neno jumba linatosha kabisa.

Boma lina hadithi tofauti. Katika mojawapo ya matembezi yetu, mwongozaji wa mahali fulani alitueleza kwa uhakika mkubwa kwamba herufi za neno hili ni ufupisho wa jina la idara ya serikali ya Waingereza. Baadhi yetu waliandika. Ni bahati mbaya, kwani maelezo hayo hayana msingi. Neno boma lilikuwepo kabla Mwingereza hajawa na ofisi yoyote katika bara hili la Kenya, na limo katika kamusi ya Krapf iliyochapishwa mwaka 1882. Krapf mwenyewe alifika Ukambani mwaka 1849. Maana yake ya asili ni uzio wa miti au miiba unaozunguka kijiji au mifugo. Kampuni ya Waingereza ilipoweka kituo chake Machakos mwishoni mwa miaka ya 1880, mahali palipokuwa pa Masaku, mtabiri na kiongozi wa Wakamba, nacho kilizungushiwa kinga. Kwa njia hiyo uzio wa mifugo ukageuka kuwa serikali, na hadi leo mtu wa kijijini husema anaenda bomani akiwa na maana ya ofisi za wilaya. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 bila kupitia Machakos, makao ya utawala yalihamishiwa huko, lakini neno lilibaki. Wajerumani nao walilitumia Tanganyika, na maboma yao ya Mikindani na Bagamoyo yangali yanajulikana kwa jina hilo.

Neno gereza ndilo lililonifanya niandike makala haya. Leo halina utata: ni mahali pa wafungwa. Asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kwa mtu aliye darasani mabadiliko hayo ya maana huonekana kama kichekesho, lakini mtu aliyetembelea majengo yenyewe huyaona waziwazi. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, waliweka kanisa ndani ya kuta. Mabaki yake yapo. Kwa mwenyeji aliyetazama kutoka nje, kanisa na kuta vilikuwa kitu kimoja. Ushahidi mwingine uko Kilwa Kisiwani, ambako ngome ya ufukweni huitwa Gereza mpaka leo. Unguja nako, Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye ikafungiwa watu. Ngome ya Lamu, iliyojengwa baada ya vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, ilikuwa jela kuanzia mwaka 1910 hadi 1984. Waingereza waliifanya Fort Jesus jela mwaka 1895, na haikuacha kuwa hivyo hadi mwaka 1958. Kanisa, ngome, jela: neno moja limezipitia hatua zote tatu, na kila hatua ina kuta zake ambazo mtu anaweza kuzigusa.

Msomaji huenda akauliza ni kwa nini pwani yetu haina ngome za Waholanzi, ilhali Cape Town ipo moja iliyojengwa kati ya mwaka 1666 na 1679. Waholanzi waliizingira ngome ya Wareno katika kisiwa cha Msumbiji mwaka 1607 na tena mwaka 1608, wakashindwa. Baadaye walijiimarisha kusini. Wangalifaulu, pengine leo tungekuwa na maneno ya Kiholanzi pale tulipo na meza, bendera na leso.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, Fort Jesus ina faida nyingine. Anayesoma mashairi ya Muyaka bin Haji bila kuiona ngome hiyo husoma nusu. Muyaka alitunga wakati Wamazrui walipoitawala Mombasa, ngome ikiwa mikononi mwao, na Seyyid Said akiwa anaitaka. Aliipata mwaka 1837. Ukisimama juu ya ukuta na kuitazama bahari, utafahamu kwa nini tishio la jahazi katika mashairi ya enzi ile si tamathali tu. Hali kadhalika, historia yenyewe haikubali kugawanywa kirahisi kati ya wageni na wenyeji. Waomani walipoizingira ngome kwa muda wa miezi 33, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, baadhi ya Waswahili, hususan kutoka Faza, walikuwa ndani pamoja na Wareno.

Juu ya lango pana jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1635. Miaka minne kabla yake, Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amelelewa na Wareno kule Goa, alikuwa amewaasi na kuitwaa ngome. Jiwe hilo linamsifu nahodha Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa uongozi wa ngome akiwa na umri wa miaka 27, kwa kuijenga upya na kwa kuiadhibu miji ya pwani na kuitoza kodi. Umri huo ndio niliokuwa nao niliposimama pale. Miji aliyoitiisha ni ile ambayo ushairi wake tunaufanyia tasnifu, na pwani anayoitaja ni ya Malindi, ambako maji ya Athi huishia.

Tafsiri niliyoiona ilikuwa ya Kiingereza. Nilijaribu kuandika ya Kiswahili katika daftari nikiwa nimesimama kivulini, nikakwama katika neno la ngome lenyewe. Niliandika ngome, kwa kuwa ndilo neno la leo. Kisha nikawafikiria mafundi na wachukuzi wa Mombasa waliolipita lango hilo na kusikia kengele ya kanisa ikilia ndani, nikafuta na kuandika gereza. Hapo tena msomaji wa leo angedhani nahodha yule alikuwa bwana jela. Rasimu zote mbili nimeziacha kwa katibu wa chama, na atakayekuwa na neno la tatu alilete kabla ya safari yetu ijayo.