Kliniki ya Wajawazito: Yakupasayo Kutarajia na Kuandaa

Wajawazito wengi husubiri tumbo lionekane ndipo waanze kliniki. Tunawashauri wasisubiri. Shinikizo la juu la damu, upungufu wa damu na kaswende huweza kuwamo mwilini bila mama kuhisi lolote, na hugunduliwa kwa vipimo. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani hupendekeza mahudhurio yasiyopungua 8, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo.

Hudhurio la kwanza

Hudhurio hili huchukua muda mrefu. Utaulizwa siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ambayo hutumika kukadiria tarehe ya kujifungua, pamoja na mimba zilizotangulia na maradhi uliyonayo. Utapimwa uzito, shinikizo la damu, mkojo, wingi wa damu na kundi lake, kaswende na virusi vya UKIMWI. Mwenzi wako anakaribishwa kupimwa pamoja nawe. Hata hivyo, ukija peke yako una haki ileile ya kuhudumiwa.

Mahudhurio yafuatayo

Shinikizo la damu hupimwa kila mara, kwa kuwa laweza kupanda katika miezi ya mwisho hata kama awali lilikuwa sawa. Mhudumu atapima pia ukuaji wa tumbo na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Utapewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya minyoo, chanjo ya pepopunda na, penye malaria, dawa za kuikinga. Kabla hujaondoka, uliza: vipimo vimeonyesha nini? Dawa hii ni ya nini? Nirudi lini? Hakikisha majibu yameandikwa kwenye kadi yako.

Malipo

Nchini Tanzania, sera ya afya huelekeza kwamba wajawazito wahudumiwe bila malipo katika vituo vya umma. Ukitakiwa kulipa, uliza fedha hizo ni za nini na udai stakabadhi.

Maandalizi ya kujifungua

Mapema, kubalianeni nyumbani juu ya kituo utakachojifungulia, usafiri utakaopatikana hata usiku wa manane, msindikizaji, atakayebaki na watoto na ndugu aliye tayari kuchangia damu. Weka akiba kidogo kidogo. Funga mkoba wenye khanga safi, nguo za mtoto na kadi ya kliniki.

Usisubiri tarehe ya kliniki

Nenda kituoni mara moja ukitokwa na damu ukeni, ukiumwa sana kichwa, ukiona maluweluwe, ukivimba uso au mikono, ukipata homa au degedege, chupa ikipasuka, au mtoto akipunguza kucheza. Wala usione haya kurudishwa nyumbani ukiambiwa u mzima: hiyo nayo ni huduma unayostahili.