Familia na Mafuriko (2): Mfuko wa Kutoka Nao Usiku

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini Bujumbura hufurika. Leo tuingie nyumbani: familia iweke nini tayari kabla ya mvua kubwa?

Kwanza tutofautishe maji yenyewe. Ziwa Tanganyika hupanda polepole kwa kuwa ni pana mno; mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mwaka 2024 lilipopanda hadi serikali ya Burundi ikaomba msaada wa kimataifa mwezi Aprili, wakazi wengi wa kandokando walipata angalau muda wa kuhamisha vitanda na makabati. Makorongo yanayoshuka kutoka milimani hayatoi nafasi hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, maji na matope yalivamia mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama ikiwamo, na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha.

Mfuko wa dharura ni kwa ajili ya usiku wa namna hiyo. Ushauri wa kurundika vyakula stoo unamfaa anayejifungia ndani kungoja dhoruba ipite. Kwetu stoo huondoka na nyumba. Kwa hiyo kipimo ni kimoja: je, mtu mmoja ataubeba mfuko huo gizani, huku mkono wa pili umemshika mtoto?

Chukua maji ya kunywa. Kila mtu anahitaji kama lita 3 kwa siku. Familia ya watu watano kwa siku tatu ni lita 45, yaani kilo 45. Nani atakimbia nazo? Mabido yaliyojaa yabaki nyumbani kwa siku ambazo bomba la Regideso, shirika la maji, limekauka. Mfukoni tia chupa chache pamoja na vidonge vya klorini, vitumiwe kama pakiti inavyoelekeza. Javeli ya kawaida ya asilimia 5, isiyo na manukato, nayo hufaa: matone 2 kwa lita moja, kisha subiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi, halafu tia matone 4. Usilipuuze hili, Januari 2023 kipindupindu kilitangazwa mjini humu humu.

Kwa sababu hiyo hiyo, weka pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Zikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi, vitasaidia hadi mgonjwa afikishwe kituo cha afya.

Chakula kiwe kisichohitaji moto. Maharage na unga wa muhogo ni vizito, na makaa makavu hayapatikani kirahisi chini ya turubai. Karanga zilizokaangwa, biskuti na tende vinatosha.

Vitu vyepesi ndivyo vigumu zaidi kuvirudisha vikipotea. Karangamuntu, vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo na hati ya kiwanja vifungwe katika plastiki mbili, nakala zake zikae kwa ndugu anayeishi mahali pa juu. Ongeza dawa za wiki moja za mwenye presha au sukari, tochi, redio ndogo ya betri, filimbi, taulo za kike, shuka moja, na faranga za noti ndogo, maana mtandao ukizimika pesa ya simu haina kazi. Namba za ndugu ziandikwe karatasini; simu ikiingia maji, nani anazikumbuka kichwani?

Mfuko utundikwe msumarini karibu na mlango, juu ya usawa wa kiuno, na kila mtu ajue nani wa kuubeba. Ukague Septemba mvua zinapoanza, na tena mwishoni mwa Januari: badilisha betri na dawa zilizopitwa na muda.

Wiki ijayo: njia za kutokea mtaani, na mahali familia itakapokutana ikitawanyika.