Mzee Akianguka, Tusinyamaze

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera, jirani na Geita. Siku hizo kuambukizwa kulikuwa sawa na kuchimbiwa kaburi. Tangu dawa za kupunguza makali zianze kutolewa bure mwaka 2004, wengi wamenusurika. Kijana aliyekuwa akishuka katika maduara ya dhahabu ya Nyarugusu leo ni babu mwenye wajukuu. Huu ni ushindi, lakini ushindi wenye deni: wazee hawa wanaanguka, nasi tumenyamaza.

Mzee huanguka alfajiri akielekea choo cha uani, au shambani kwenye matuta ya viazi. Akiulizwa, husema amejikwaa. Anaogopa wanawe wasije wakamnyang'anya jembe, na majirani wasije wakauliza anameza dawa gani. Bibi wa Shinyanga ana hofu kubwa zaidi, kwani katika mkoa huu vikongwe wamepata kuuawa kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Kumbe wekundu huo ni wa moshi wa kuni.

Ndugu wananchi, kuanguka huku si kurogwa. Virusi vyenyewe, pamoja na baadhi ya dawa za miaka ya mwanzo, huweza kudhuru mishipa ya fahamu hata nyayo zikafa ganzi. Tenofovir, dawa inayotumiwa na wengi, huweza kupunguza uimara wa mifupa. Tukiongeza shinikizo la damu, macho hafifu na chakula haba, hatari inazidi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilihesabu uzee kuanzia miaka 60. Lakini aliyeishi na virusi muda mrefu huweza kuanza kuyumba kabla ya umri huo.

Madhara yake hayaishii kwenye jeraha. Nyonga ikivunjika, safari ya kliniki hukatika. Dawa nazo zikikatika, virusi hupata nguvu upya. Hivyo anguko moja laweza kubomoa kazi ya miaka ishirini.

Tufanye nini basi? Mhudumu wa kliniki asihesabu vidonge tu, bali amwulize kila mzee: "Umeanguka tangu tuonane?" Mzee naye aseme kweli, wala asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe; daktari ndiye mwenye kuzibadili. Sisi jamaa zake tumpatie fimbo na taa, tuondoe mawe njiani, na tusimike chooni mti wa kushikia. Mambo haya hayangoji fedha za kigeni.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Tusingoje kilio. Usiku wa leo, kila mmoja wetu aitazame njia ya mzee wake kutoka kitandani hadi mlangoni.